Macho Yanawasha, Pua Inachuruzika: Namna ya Kutumia Matone na Dawa za Kupuliza za Aleji

Mvua za masika zikikatika hapa Arusha na nyasi za kando ya barabara zikaanza kutoa mashuke, foleni ya famasi yetu hubadilika sura. Anaingia mtu amepiga chafya mara nane kabla hajamaliza salamu. Anaingia mama na mtoto anayefikicha macho kwa ngumi mbili. Nikiwauliza wametumia nini, wengi hutoa kichupa kwenye pochi na kuniambia, "Ndiyo hii, lakini haisaidii kitu." Nakichukua, nakisoma. Mara nyingi ama dawa yenyewe ni ya ugonjwa mwingine kabisa, ama ni dawa sahihi ambayo siku zote imekuwa ikiishia shavuni au kooni.

Dawa za antihistamini za kudondosha machoni na za kupuliza puani ni nzuri kweli. Zinaweza kumtuliza mtu ndani ya dakika chache, kwa kiasi kidogo sana cha dawa, bila kumfanya asinzie kazini kama vidonge vya zamani. Lakini zinadai uchague inayokufaa na uitumie inavyotakiwa. Nimeandika kwa mpangilio ninaoufuata nikiwa na mteja dirishani. Majina ya dawa nimeyaacha yanavyosomeka kwenye maboksi, ili ulinganishe herufi kwa herufi na boksi uliloshika.

Kwanza hakikisha ni aleji

Alama ninayoitafuta kabla ya zote ni kuwasha. Jicho la aleji linawasha mpaka mtu hawezi kuacha kulifikicha. Jicho lililopata bakteria huuma au kuchoma zaidi kuliko kuwasha, na asubuhi kope zimegandana kwa usaha wa njano. Aleji hushika macho yote mawili, hutoa machozi mepesi, na kope huvimba kama za mtu aliyelia usiku kucha. Puani ni chafya za mfululizo, makamasi mepesi kama maji, pua kuziba, na mwasho unaopanda hadi kwenye kaakaa na ndani ya masikio. Homa hakuna.

Kipimo cha pili ni muda. Mafua ya virusi huondoka ndani ya siku 7 hadi 10. Aleji ya msimu hukaa wiki nyingi, na mwaka unaofuata inarudi katika miezi ileile. Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani na uweke alama: leo nimeamka vibaya, leo nilifagia stoo, leo upepo ulikuwa mkali. Baada ya mwezi mmoja kalenda hiyo itamfaa daktari kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Hapa kuna kosa ambalo watu wa Arusha na Nairobi tunalirudia kila mwaka: kulaumu jakaranda. Maua yake ya zambarau huonekana na kila mtu, na macho yanawasha wakati huohuo, basi hukumu imetoka. Lakini chavua ya jakaranda ni nzito na hubebwa na nyuki na wadudu wengine, hairuki mbali. Inayosafiri kwa upepo na kuingia machoni mwako ni chavua ya nyasi na ya miti kama saiprasi, ile ambayo maua yake hakuna anayesimama kuyapiga picha. Jakaranda huchanua wakati vumbi la kiangazi liko juu na vuli ndiyo inaanza, na hivyo lawama za wengine humwangukia. Na kama unasumbuka mwaka mzima, zaidi alfajiri ukiwa bado kitandani, fikiria utitiri wa vumbi unaoishi kwenye magodoro na mito kabla ya kufikiria mti wowote.

Ndugu zetu walio Ulaya na Amerika Kaskazini hunipigia simu wakishangaa: "Nyumbani sikuwahi kuwa na ugonjwa huu." Mwili huhitaji muda, mara nyingi misimu kadhaa, kuizoea chavua ngeni kwa ubaya. Uingereza, chavua ya miti huanza mapema majira ya kuchipua, nyasi zinafuata Mei hadi Julai. Marekani kuna gugu liitwalo ragweed, ambalo humwaga chavua kuanzia katikati ya Agosti mpaka baridi ya kwanza ya kugandisha. Aliyehamia huko akiwa mzima na mwaka wa tatu akaanza kuchuruzika pua hajarogwa wala hajapungukiwa damu.

Dawa inafanya nini ndani ya jicho na pua

Mtu mwenye aleji ana kingamwili maalumu zilizojibandika juu ya seli ziitwazo seli za masti. Seli hizi zimejaa kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho na ule wa ndani ya pua. Chavua ikitua na kulowana, protini zake hushikwa na zile kingamwili, na seli humwaga vijifuko vyake nje. Ndani yake mna histamini. Histamini ikikamata mishipa ya fahamu, unawashwa na kupiga chafya. Ikikamata mishipa ya damu, mishipa inatanuka na kuvuja maji, jicho linakuwa jekundu na kope zinavimba. Yote haya ni suala la dakika.

Histamini haifanyi lolote mpaka ikae mahali pake, kwenye vipokezi. Huwa nawaambia wateja wafikirie siti za daladala. Antihistamini ni abiria aliyewahi kituoni akakaa. Histamini ikipanda inakuta siti zimejaa, inabaki imesimama mlangoni na safari yake inaishia hapo. Ukiuelewa mfano huu, utaelewa pia kwa nini dawa iliyotiwa kabla ya kutoka nje husaidia kuliko iliyotiwa baada ya macho kuvimba: ni kazi zaidi kumwondoa mtu aliyekwisha kukaa.

Dawa kadhaa za siku hizi, kama ketotifen na olopatadine za macho na azelastine ya pua, hufanya kazi mbili. Zinakalia siti, na pia zinazituliza seli za masti zisimwage histamini nyingine.

Kuna mpaka mmoja wa dawa hizi ambao ni lazima ujulikane. Pua kuziba si kazi ya histamini peke yake. Saa chache baada ya chafya za kwanza, seli nyingine za uvimbe huhamia puani na kukaa siku kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia antihistamini, chafya zikaisha kabisa, na pua ikabaki imeziba kama zege. Huyo anahitaji dawa ya aina nyingine puani, nayo naifikia hapo chini.

Soma boksi, usiangalie rangi ya kizibo

Kwa macho, antihistamini utakazokutana nazo sana ni hizi. Ketotifen ya asilimia 0.025 hutiwa tone moja kila jicho mara mbili kwa siku, na kila tone hufanya kazi hadi saa 12. Olopatadine ya asilimia 0.1 nayo ni mara mbili, ila ile ya asilimia 0.2 ni mara moja tu, kwa hiyo soma namba hiyo ndogo usije ukaongeza dozi bila kujua. Azelastine ya macho ni ya asilimia 0.05, mara mbili. Yoyote kati ya hizi inafaa kuanzia, na bei ndiyo mara nyingi itakayoamua.

Iko nyingine, sodium cromoglicate ya asilimia 2, ambayo si antihistamini. Yenyewe huzituliza seli za masti tu, hutiwa mara nne kwa siku, na huchukua siku nyingi kabla hujaona tofauti. Ni salama na kwa kawaida ni nafuu, lakini usiianze leo jioni ukitarajia nafuu kesho. Chimbuko lake ni mmea wa khella wa ukanda wa Misri, na daktari aliyeitafiti, Roger Altounyan, alikuwa na pumu na aliijaribisha mwilini mwake mwenyewe. Namheshimu sana kwa hilo.

Matone yenye naphazoline au tetrahydrozoline hufanya jicho jekundu liwe jeupe kwa kuibana mishipa ya damu. Chanzo cha mwasho kinabaki palepale. Ukiyatumia siku nyingi mfululizo, wekundu hurudi na nguvu zaidi kila yanapoisha. Sipendi kuyauza kwa mtu mwenye aleji.

Sasa naomba usome polepole. Kama boksi la dawa ya macho lina neno dexamethasone, betamethasone au prednisolone, peke yake au likiwa limeunganishwa na neomycin, gentamicin au chloramphenicol, hiyo ni steroidi, yaani dawa kali ya kuzima uvimbe. Usiitie machoni kwa sababu ya mwasho bila daktari wa macho kukupima na kukuandikia.

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa. Macho yalimsumbua kila kiangazi, akirudi shuleni ameyafikicha mpaka yamekuwa kama nyanya. Dada yangu anaishi mbali na mji, na duka la dawa la karibu lilimpa kichupa chenye dexamethasone na neomycin. Siku ya pili macho yalikuwa meupe. Akashukuru, na kila mwasho uliporudi alirudi kununua kingine. Hakuna aliyenipigia simu kwa sababu dawa ilikuwa "inafanya kazi." Baada ya mwaka na zaidi mwalimu alimwita dada yangu akamwambia mtoto anajigonga kwenye madawati. Kliniki ya macho walikuta presha ya jicho imepanda na mshipa wa fahamu wa jicho la kulia umekwisha kuharibika. Sehemu ya uoni aliyoipoteza hairudi. Mjomba wake anauza dawa, na mtoto amepungukiwa na jicho kwa dawa inayouzwa kaunta.

Steroidi zina kazi yake na zimeokoa macho mengi, zikiwa mikononi mwa daktari anayepima presha ya jicho kila mara. Zikitumiwa kiholela zinaweza kuleta presha ya macho isiyo na maumivu, mtoto wa jicho hata kwa kijana, na kuvipa vimelea nafasi ya kula kioo cha jicho. Ubaya wake ni kwamba zinaleta nafuu haraka kuliko dawa iliyo salama. Muuzaji akikupa ya namna hiyo, mwulize bila aibu: "Samahani, hii ina steroidi? Naomba yenye ketotifen au olopatadine."

Kwa pua mambo ni mepesi zaidi, na steroidi ya kupuliza puani si ya kuogopwa kama ya macho. Ziko za aina tatu. Azelastine ni antihistamini. Huanza kazi ndani ya kama robo hadi nusu saa, na hupulizwa mara moja au mbili kila tundu, mara mbili kwa siku kwa mtu mzima. Fluticasone, mometasone, budesonide na beclometasone ni steroidi za pua. Hizi ndizo zinazoshughulikia pua iliyoziba, huanza polepole baada ya nusu siku hivi, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki moja au mbili. Kuna pia kichupa chenye azelastine na fluticasone pamoja, kwa wale ambao moja peke yake haijawatosha. Aina ya tatu ni xylometazoline na oxymetazoline, zinazofungua pua papo hapo. Hizo zisizidi siku tano. Wapo niliowakuta wamezitumia miezi, pua haifunguki tena bila dawa, na kuwaachisha ni kazi ya wiki nyingi.

Mkiwa Marekani, olopatadine ya macho inauzwa bila cheti cha daktari tangu Februari 2020, na azelastine ya pua ya asilimia 0.15 tangu Juni 2021, kwa hiyo mfamasia wa duka la kawaida anaweza kuwasaidia.

Kudondosha dawa machoni

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha nawa uso, hasa kope, kwa maji safi ya baridi. Chavua iliyonasa kwenye nywele za kope itaingia jichoni pamoja na dawa usipoiondoa. Kama macho yamevimba sana, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika tano kwanza.

2. Ukivaa lenzi za machoni, zivue. Vichupa vingi vina kihifadhi kiitwacho benzalkonium chloride ambacho lenzi laini hukinyonya na kukishikilia juu ya jicho. Zirudishe baada ya dakika 15. Macho yakiwa mekundu, usizivae kabisa siku hiyo.

3. Kaa ukilaza kichwa nyuma, au lala chali. Tazama juu. Kwa kidole kimoja vuta ukope wa chini mpaka ufanye kamfuko.

4. Dondosha tone moja ndani ya kamfuko hako. Ncha ya kichupa isiguse jicho, ukope wala kidole. Ikigusa, imebeba vijidudu na kuvirudisha kwenye dawa.

5. Fumba jicho taratibu kwa dakika moja hadi mbili, na kwa ncha ya kidole bonyeza kona ya ndani, pale jicho linapokutana na pua. Usipepese, usikaze kope.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kwenye ile kona kuna kimfereji kinachopeleka machozi puani, ndiyo maana ukilia makamasi hutoka. Ukipepesa baada ya kutia dawa, unaipampu kwenda puani na kooni. Anayeniambia "naisikia dawa mdomoni" ananiambia kwamba haikukaa jichoni.

Na tone ni moja. Nafasi iliyo nyuma ya ukope ni ndogo, na tone la kichupa peke yake tayari linaijaza na kumwagika kidogo. La pili linalisukuma la kwanza nje. Kama umeandikiwa dawa mbili za macho, acha dakika tano katikati, na marhamu iwe ya mwisho.

Kuchoma kwa sekunde chache ni kawaida. Kichupa kilichokaa kwenye friji, si kwenye freeza, huchoma kidogo zaidi kwa wengine na hupoza mwasho kwa wengi. Jaribu uone wewe uko upande gani.

Mtoto anayekataa kufungua macho, usipigane naye. Mlaze chali akiwa amefumba, dondosha tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha mwambie afungue. Dawa itateremka yenyewe. Nimewafundisha mama wengi njia hii, na wengine walirudi siku ya pili kunishukuru tu.

Kupuliza dawa puani

Mzee mmoja, fundi seremala, aliniletea azelastine yake akiwa amekasirika.

"Mwanangu, hii dawa ni chungu kuliko mwarobaini. Siitaki tena."

"Pole, babu. Ukishapuliza unavuta pumzi kwa nguvu?"

"Navuta ndiyo! Si ili iingie?"

Nikamwomba anionyeshe, kwa kichupa chenye maji. Aliinua kichwa akatazama dari, akakielekeza kichupa katikati ya pua, akabonyeza na kuvuta kama anayenusa ugoro. Makosa matatu katika sekunde moja, na mimi nilikuwa nimemuuzia bila kumwonyesha. Azelastine ni chungu kweli, lakini uchungu unasikika ikifika kooni, na kazi yake haiko kooni.

Fanya hivi. Penga pua taratibu kwanza. Kama imejaa makamasi au vumbi, isafishe kwa maji ya chumvi, ama ya kununua famasi, ama ya nyumbani: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji. Maji hayo lazima yawe yamechemshwa yakatokota na kupoa. Ya bomba moja kwa moja hapana, maana kuna amiba adimu anayeweza kupandia puani hadi kwenye ubongo akaua. Chumvi yenye madini joto inaweza kuchoma kidogo. Haina madhara zaidi ya hapo. Subiri dakika kumi pua ikauke ndipo utie dawa.

Kichupa kipya, au kilichokaa siku kadhaa bila kutumika, kibonyeze hewani mpaka utoke ukungu mwembamba. Matone yakitoka badala ya ukungu, bado. Kama maelezo yanasema kitikiswe, kitikise.

Sasa inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayeangalia vidole vya miguu yake. Shika kichupa kwa mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, kisha mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Ukibadilisha mikono hivyo, ncha yenyewe inaelekea upande wa nje, kuelekea jicho na sikio la upande huo, mbali na ukuta wa katikati. Ukuta huo una mishipa mingi midogo ya damu. Ukiupulizia kila siku utakauka na kuanza kutoa damu. Ingiza ncha kidogo tu, bonyeza mara moja, huku ukivuta pumzi ya kawaida kama unanusa ua. Toa pumzi kwa mdomo. Usipenge pua kwa dakika 15. Futa ncha kwa kitambaa safi, funga kizibo.

Babu yule alifanya hivyo palepale dirishani mara tatu, kwa maji. Bado anaitumia dawa yake, na sasa analalamikia bei tu.

Azelastine huwafanya baadhi ya watu wasinzie, ingawa ni ya puani. Ukiwa dereva wa bodaboda, wa lori, au unatumia msumeno wa umeme, dozi ya kwanza itie jioni uone mwili wako unavyoipokea. Usiichanganye na pombe. Damu kidogo ikitoka puani, pumzisha siku mbili na uangalie upya mwelekeo wa mkono wako.

Kama unatumia vyote viwili, mpangilio unaofaa asubuhi ni huu: nawa uso, safisha pua, puliza dawa ya pua, kisha dondosha ya macho, kisha kunywa chai. Mpaka unatoka mlangoni siti zimeshakaliwa. Steroidi ya pua, ikitumiwa kila siku, mara nyingi hupunguza na machozi pia, kwa sababu mishipa ya fahamu ya pua iliyochokozwa huyachochea macho. Basi usishangae ukigundua matone unayahitaji siku chache tu.

Lini uanze, lini uache

Ukishaujua msimu wako kwa kalenda, anza steroidi ya pua au cromoglicate wiki moja au mbili kabla. Antihistamini unaweza kuianza siku yenyewe. Ukianza, tumia kila siku mpaka msimu upite, usiruke siku ukijisikia nafuu, maana nafuu hiyo ni ya dawa. Mwasho ukihusu na ngozi pia, kidonge cha cetirizine au loratadine kinaweza kuongezwa. Piriton ya zamani inasaidia lakini inaingia ubongoni na kumlaza mtu. Mwanafunzi mwenye mtihani asiitegemee.

Mjamzito asijichagulie. Kwa wajawazito, budesonide ndiyo steroidi ya pua yenye kumbukumbu nyingi za matumizi, na cromoglicate ya macho hutumika pia, lakini kauli iwe ya anayekuhudumia kliniki. Kwa watoto, ketotifen na olopatadine za macho kwa kawaida hazianzi chini ya miaka miwili au mitatu. Umri kamili umeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi.

Kichupa cha matone, andika juu yake kwa peni tarehe uliyokifungua. Nyingi hutupwa baada ya wiki nne, hata ikiwa imebaki nusu. Kisikae kwenye dashibodi ya gari wala dirishani penye jua. Kisiwe cha familia nzima.

Usitie jichoni maziwa ya mama, asali, maji ya majani wala mkojo. Najua vinapendekezwa kwa nia njema na watu tunaowapenda. Vimelea vilivyomo havijali nia.

Wakati wa kuiacha famasi na kwenda kwa daktari

Nenda siku hiyohiyo jicho likiuma badala ya kuwasha, uoni ukipungua, mwanga ukikuumiza, jicho moja tu likiwa jekundu sana, au kukiwa na kovu jeupe kwenye kioo cha jicho. Anayevaa lenzi na jicho limekuwa jekundu na linauma asisubiri hata kesho. Kwa pua, nenda ukiona tundu moja tu limeziba kwa wiki kadhaa, harufu mbaya, au damu ya mara kwa mara. Kifua kikianza kupiga filimbi, hiyo ni pumu, na matone hayahusiki nayo.

Mtoto wa kiume wa umri wa shule ambaye macho yanamwasha mwaka mzima, anatoa ute mzito unaovutika kama gundi, anakwepa jua, na weupe wa macho yake umeanza kuwa wa kahawia, ana aleji nzito inayopatikana sana kwenye nchi za joto kama zetu. Antihistamini peke yake inaweza isimtoshe. Kufikicha nako kunaweza kukilegeza kioo cha jicho mpaka kikachongoka. Huyo apelekwe kliniki ya macho, na safari iwe mwezi huu, isingoje likizo.

Siku ya kwenda, beba vichupa vyote alivyowahi kutumia, hata vilivyokwisha, hata kile mlichopewa na jirani. Viweke mezani mbele ya daktari. Dada yangu alikuwa amevitupa vyote isipokuwa kimoja kilichosahaulika kwenye kabati la vyombo, na ni hicho kimoja kilichomwonyesha daktari mtoto alikuwa ametiwa nini.